Abdiel wa Kijenge na Ekzosi ya Mwinjilisti

Kaka yangu Abdiel alizikwa mwezi wa tatu mwaka huu, na historia ya marehemu iliyosomwa kaburini ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulimhusu babu yetu. Wa pili uliwataja waliosafiri kutoka mbali kuja kumzika, pamoja na vyeo vyao. Kwenye ukurasa wa tatu, kati ya tarehe ya ubatizo na ugonjwa wa figo, kulikuwa na mstari mmoja: "Marehemu alijishughulisha na ufundi." Basi. Kazi ya miaka ishirini na sita, na anayesikia atadhani Abdiel alikuwa akivuka barabara ufundi ukamgonga.

Mimi ni mdogo wake, Ndeshi. Nilimwomba Mungu anipe moyo wa kunyamaza, na kwa siku zote za matanga alinipa. Matanga yamekwisha.

Abdiel alikuwa fundi wa injini za tustroki, zile ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kulia kama nyigu aliyekasirishwa. Misumeno ya kukatia miti, mashine za mgongoni za kupulizia kahawa dawa, na pikipiki za kizamani ambazo vijana wa leo huziangalia kama mifupa ya makumbusho. Mafundi wenye busara walishahamia kwenye bodaboda za kisasa. Kaka yangu, ambaye busara ilikuwa ikimpita kwa mbali na kumsalimia tu, alibaki na nyigu wake. Kibanda chake kilikuwa Kijenge, katikati ya saluni na fundi wa majeneza. Wote wawili walilalamikia kelele, hata yule ambaye wateja wake hawasikii.

Sifa yake ilitokana na ekzosi. Vijana wanaoshindana mbio za vumbi huko Kisongo walikuwa wakimletea pikipiki zilizokwisha, naye anawatengenezea bomba jipya la bati, lenye tumbo kubwa katikati na mkia mwembamba, na pikipiki inarudi kama imewekewa injini nyingine. Mafundi wengine hawakuelewa. Dawa yao ya nguvu ilikuwa moja: toboa ekzosi, ipige kelele. Waliamini kwamba kelele ndiyo nguvu, imani ambayo hata kwenye vikao vya ukoo wetu ina wafuasi wengi.

Ufundi huo hakuusomea popote. Aliutoa kanisani. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa alipiga besi kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, hapa juu ya Sekei. Besi ni lile dude kubwa la shaba linalopakatwa kama mtoto aliyeshiba, na kazi yake ni kusema "pum" wakati wengine wanapata sifa. Kwa kupuliza hilo dude ndipo alipojua kwamba ndani ya bomba mlio hauendi tu ukapotea. Unafika mwisho, na kipande chake kinageuka kurudi. Bomba likiwa refu unachelewa kurudi, likiwa fupi unawahi. Aliniambia hayo mwaka fulani tukiwa tunamenya ndizi, nikamwambia amenye ndizi.

Na ni besi pia lililomponza.

Stoo ya kanisa ilikuwa na besi jingine, bovu, lililotoboka, ambalo kwa miaka tisa lilikaa chini ya viti vya plastiki na panya wakizaa humo. Mwalimu Anande, aliyekuwa kiongozi wa tarumbeta, akamwambia, "Abdiel, lichukue. Litakufaa wewe kuliko linavyowafaa panya." Abdiel akalichukua. Ule mdomo wake unaopanuka kama ua ulikuwa ndio kalibu aliyoitafuta siku zote: analaza bati juu yake, anagonga taratibu kwa nyundo ya mti mpaka bati linakuwa koni safi. Wiki mbili baadaye Mwalimu Anande akafariki. Hakuacha karatasi yoyote, maana marehemu aliamini kwamba neno la mtu mzima linatosha. Kuingia mbinguni labda. Kutoka stoo ya usharika, hapana.

Msimamizi wa mali za usharika ni mzee wa kanisa Efraimu, kaka mkubwa wa baba yetu. Baba mkubwa ni mtu mwema. Naandika hivyo nikiwa nimeshika moyo. Ana daftari ambalo ndani yake vijiko vya chai vina namba. Alipokagua stoo hakulikuta besi bovu, akaitisha baraza la wazee kana kwamba ameibiwa madhabahu.

"Besi liko wapi?" akamuuliza Abdiel.

"Liko Kijenge, baba mkubwa. Limepata kazi."

"Nani alikupa?"

"Mwalimu Anande."

"Aje aseme."

"Yuko mbele za Bwana, baba mkubwa. Mwenye haraka anaweza kutangulia akamuulize."

Utani huo ulimgharimu. Baraza likaamua kwamba Abdiel asimame mbele ya usharika atubu kuwa aliiba, ama sivyo atengwe na Meza ya Bwana. Abdiel akawajibu kwamba akisimama madhabahuni aseme aliiba atakuwa amedanganya mbele za Mungu, na kwamba afadhali wamtenge kwa dhambi ambayo hajafanya kuliko kumfundisha nyingine. Wakamtenga. Besi alilopiga kila Jumapili akapewa mtu mwingine, ambaye hadi leo "pum" yake inafika wakati wimbo umeshakwisha.

Kwa asiyejua, kutengwa kwetu si kufukuzwa. Unakuja ibadani, unaimba, unatoa sadaka, na sadaka yako haitengwi hata kidogo. Ila Jumapili ya chakula cha Bwana, benchi zima linaposimama kwenda mbele, wewe unabaki umekaa, na watu wanapita juu ya magoti yako wakisema "samahani" kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko tusi. Abdiel alikaa hivyo miaka miwili na miezi minne. Wifi yangu Theresia, aliyezaliwa Mkatoliki, alimwambia wahamie kwao. Abdiel akasema hana tena nguvu za kuanza upya na watakatifu wengine.

Halafu miguu ikaanza kuvimba, na daktari akamwambia habari za figo. Siku hiyo alikuja kwangu, akakaa jikoni, akaniambia, "Ndeshi, kufa siogopi sana. Ila sitaki kufa nikiwa nimebaki kwenye benchi."  Nilimwekea chai, akainywa bila sukari, akaondoka.

Mwezi wa tisa Mwinjilisti Lesian akaja Kijenge akikokota pikipiki ya usharika. Lesian ni kijana wa Kiarusha, mpole, anayehudumu kwenye mtaa wetu wa juu kabisa, kanisa dogo la mbao chini ya msitu wa Mlima Meru. Pikipiki yenyewe ni tustroki iliyoachwa na wamisionari, na imeombewa mara nyingi kuliko wagonjwa wetu.

"Shikamoo kaka Abdiel. Mnyama huyu amechoka," alisema Lesian. "Nikifika kona ya tatu anazima, namsukuma mpaka kanisani. Nahubiri nikiwa nahema, waumini wanadhani nimeshukiwa na Roho."

"Usiwakatize tamaa. Waache waamini."

"Si utani, kaka. Vuli ikianza gari halipandi kule. Na mwezi wa kumi na moja Mchungaji lazima apande kuwapa wazee chakula cha Bwana. Hawajapata tangu kabla ya Pasaka. Baba mkubwa wako amesema kama pikipiki haiwezi kumpandisha Mchungaji, mtaa ule ufungwe, watu washuke huku chini."

"Wazee wa miaka themanini washuke mlima kwenye tope?"

"Amesema watazoea."

Abdiel akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akasema ataitengeneza bila malipo. Lesian naye, bila kuombwa, akasema, "Ikimpandisha Mchungaji, mimi nitasimama barazani niseme besi la usharika limefanya kazi gani Kijenge." Haikuwa ahadi kubwa, neno la mwinjilisti mbele ya wazee kumi na mmoja. Lakini katika miaka miwili na ushei hakuna aliyekuwa amempa Abdiel hata hiyo.

Pikipiki ikiwa ni mali ya usharika, baba mkubwa alikuja kuikagua kabla haijaguswa. Mimi nilikuwa nimempelekea kaka chakula, nikashuhudia.

"Shikamoo baba mkubwa," tukasema.

"Marahaba. Hili litumbo ni la nini?" Alikuwa akinyooshea kidole bomba la pikipiki ya mteja.

Abdiel akafuta mikono. "Baba mkubwa, fikiria mlango wa kanisa baada ya ibada ya kwanza. Waliomaliza wanatoka, na wa ibada ya pili wanaingia, mlango huohuo, wakati huohuo."

"Vurugu hiyo naijua. Nimeisema mara nyingi."

"Sasa katika vurugu ile, wengine wanaoingia wanasukumwa na umati wanajikuta wametokea upande wa pili, wako nje, hawajasali. Injini ya tustroki ndivyo ilivyo. Moshi unatoka na petroli mpya inaingia kwa pamoja, na petroli nyingine inatorokea kwenye ekzosi kabla haijaungua. Hiyo ni nguvu inayomwagwa barabarani."

"Haya."

"Bomba langu ni mzee wa kanisa aliyesimama nje. Mlio ukitoka kwenye silinda unakutana na koni inayopanuka, na hapo unageuka kuwa mvuto, unawavuta waliomaliza waondoke upesi. Unaendelea mpaka kwenye koni inayobana huku nyuma, unagonga, unarudi ukiwa msukumo. Unawakuta wale waliotoka bila kusali, unawarudisha ndani, na papo hapo pistoni inafunga mlango. Akiwahi, atagongana na wanaotoka. Akichelewa, atakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo urefu wa bomba ndio saa yake."

Baba mkubwa alifikiri. "Kwa hiyo moshi unarudi."

"Si moshi, baba mkubwa. Mlio."

"Mlio una mikono ya kusukuma?"

"Tarumbeta nalo halina mikono, na siku tulipomzika baba lilikutoa machozi."

 Baba mkubwa akainama, akautazama mkia mwembamba wa bomba. "Na hiki kitobo? Kama pua ya mwenye mafua. Hewa itapitaje?"

"Inapita inavyotakiwa. Kikiwa kipana, msukumo wote unakimbia."

"Hmm," akasema baba mkubwa. Ile "hmm" yake nimeisikia tangu utotoni. Maana yake ni kwamba amekusikiliza kwa heshima na hajaamini hata neno moja.

Bomba la kwanza lilishindikana, na sitalificha, maana marehemu mwenyewe alilicheka. Alitengeneza lile analowatengenezea vijana wa Kisongo. Kwenye tambarare Lesian aliruka kama swala. Kwenye kona ya tatu ya mlima akashuka, akasukuma, akahema, akahubiri. Abdiel akagundua kosa: bomba la mbio ni fupi ili mlio uwahi kurudi, maana kwenye mbio injini inazunguka haraka sana. Mlimani injini imeelemewa, inazunguka polepole, na mlio wa bomba lile fupi unafika wakati waliomaliza bado wamejaa mlangoni.

Sasa ilibidi ajue injini inazunguka mara ngapi pale kwenye kona. Hakuwa na kipimo. Alikuwa na masikio ya mpiga besi. Akapanda mlima kwa miguu yake iliyovimba, akakaa juu ya jiwe penye kona ya tatu, akamwambia Lesian apite mara nne. Mara ya nne akasema, "Inaimba so ya chini, ile ya do-re-mi." Injini ya tustroki inalipuka mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo noti yake ndiyo hesabu yake. Akaja kwangu kutaka daftari langu la fizikia la kidato cha tatu, ambalo mama alilihifadhi kana kwamba nilifaulu. Tukakuta mwendo wa sauti kwenye hewa. Kwenye moshi wa moto sauti inakimbia zaidi, karibu mita mia tano kwa sekunde, hilo alishalijua kwa kuharibu mabati mengi. So ile ya chini ilikuwa mitikisiko kama mia moja kwa sekunde, yaani mizunguko elfu sita kwa dakika. Tukazidisha, tukagawanya. Nilipata D katika somo lile, na nafurahi kusema kwamba D yangu ilifika mlimani kabla yangu.

Bomba la pili likawa na urefu wa zaidi ya mita moja na robo. Lilipita chini ya injini, likajikunja, likachungulia nyuma ya gurudumu kama mkia wa kenge. Ubaya wake haukuwa wa kawaida. Alhamisi Lesian akapanda nalo hadi kanisani bila kushusha mguu. Alipiga simu akiwa juu, na kwa mara ya kwanza hakuwa akihema. Abdiel aliweka simu chini, akaenda nyuma ya kibanda, akakaa huko kwa muda. Fundi wa majeneza akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia asubiri, asitake kila kitu leo.

Jumapili ya chakula cha Bwana ilikuwa imefika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mimi na Abdiel tulianza kupanda kwa miguu asubuhi, polepole, yeye akipumzika kila baada ya hatua thelathini. Alisema anataka kuisikia pikipiki ikimpita mlimani. Nyuma yetu alikuja baba mkubwa na mwavuli wake, maana mzee wa kanisa lazima awepo. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

Tulikuwa karibu na kona ya tatu tuliposikia mlio kutoka chini. Haukuwa ule wa Alhamisi. Ulikuwa kama mtu anayeburuta mabati juu ya mawe. Abdiel akasimama, akainamisha kichwa.

"Wamekata," akasema.

"Wamekata nini?"

"Mkia. Na koni ya nyuma yote."

Pikipiki ikatokea, ikitoa kelele ya kuamsha wafu na mwendo wa kuwafuata. Hatua chache chini yetu ikazima. Mchungaji Elinipa akashuka, joho lake likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, sanduku la Meza ya Bwana akiwa amelikumbatia. Ni mama wa makamo, mnene kiasi, aliyehamia kwetu mwezi wa kwanza, na goti lake moja ni bovu.

"Bwana asifiwe," akasema, huku akitazama mlima uliobaki kama mtu anayetazama deni la marehemu.

Lesian alikuwa karibu kulia. "Jana jioni ilikuwa nzima, kaka! Iliwekwa uani kwa usharika."

Baba mkubwa akafika, akafunga mwavuli. "Mbona mmesimama? Mimi nimeirahisishia pumzi."

Abdiel akamgeukia.

"Jana usiku nilipita na msumeno wa chuma," akaendelea, "nikaiondolea ile pua yenye mafua. Na ilikuwa imetokeza nyuma, ingemchania Mchungaji joho. Hewa lazima ipumue, Abdiel. Hata mtoto mdogo anajua."

Nilisali sala fupi sana hapo, ambayo sitaiandika.  Abdiel alichuchumaa akatazama mdomo wa bomba uliokatwa, ulioachwa wazi kama kinywa cha mtu anayepiga miayo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Ndeshi, pale kwa Hanna wanauza mafuta ya taa?"

Duka la Hanna liko palepale kwenye kona, dirisha moja la mbao. Hanna alikuwa anajiandaa kwenda kanisani. Abdiel akamwomba faneli anayopimia mafuta, ile ya bati, pana juu na yenye shingo nyembamba chini.

"Faneli yangu? Na wateja nitawapimia nini?"

"Leo ni Jumapili, Hanna."

"Watu wangu wanapika hata Jumapili, fundi."

"Ni ya kumpandisha Mchungaji."

Hanna akamtazama Mchungaji aliyekuwa akijishika goti. "Basi mnirudishie ikiwa haina harufu ya dhambi," akasema, akaitoa.

Nikaona alichokiona kaka. Faneli ni koni inayobana, na shingo yake ni mkia. Akaigeuza, akaitumbukiza kwenye mdomo wa bomba, akaigonga kwa jiwe, akaizungushia waya wa uzio, akaziba upenyo kwa tope, bidhaa ambayo siku hiyo ilikuwa ya bure. Akamwambia Lesian awashe. Pikipiki ikalia vibaya. Akaivuta faneli nyuma kidogo, kidole kimoja, akaegemeza sikio. Akaivuta tena. Mikono ilikuwa inaungua, akawa anaipoza kwa tope.

"Baba mkubwa, shika hapa," akasema.

Baba mkubwa akashika waya, sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alikuwa ameamriwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwamuru. Abdiel akavuta kidogo tena, na mlio ukabadilika. Mabati yakanyamaza, nyigu akarudi. Hata mimi mwenye D nilisikia.

"Panda, Mchungaji," akasema Abdiel. "Lesian, usiachie resi. Ikishuka chini ya so imekufa. Na haitadumu, risasi iliyounga hiyo faneli itayeyuka. Una dakika kama ishirini."

Mchungaji akapanda na sanduku lake. Pikipiki ikakwangua tope, ikayumba, ikakaza, ikapita kona ya tatu. Tukasimama tukiisikiliza ikipanda, kona ya nne, kona ya tano, hadi ikanyamaza mahali ilipopaswa kunyamaza. Kengele ya kanisa ikagongwa juu. Abdiel alikuwa amekaa chini kwenye tope na suruali yake ya Jumapili.

Sisi watatu tulichukua karibu saa nzima kufika. Baba mkubwa hakusema neno njiani, jambo ambalo peke yake lingetosha kuitwa muujiza.

Tulipofika, watu walikuwa wamekaa kimya ndani, wengi wao vikongwe. Abdiel hakuingia. Akakaa kwenye gogo nje, karibu na dirisha, akanawa mikono. Mchungaji alikuwa amevaa joho tayari. Akatoka.

"Abdiel, mbona uko nje?"

"Nimetengwa, Mchungaji. Nitaisikiliza kutokea hapa."

"Najua umetengwa. Nimesoma faili. Nimeuliza kwa nini uko nje." Kisha akamgeukia baba mkubwa. "Mzee Efraimu, lile bomba lilikuwa mali ya nani?"

"Ya usharika, Mchungaji."

"Ulilikata kwa kibali cha nani?"

"Nilitaka kusaidia."

"Kuna karatasi?"

Baba mkubwa akaangalia mwavuli wake. "Nia yangu ilikuwa njema."

"Naamini kabisa. Kwa hiyo mali ya usharika imekatwa bila kibali, kwa nia njema, na mtaa huu ulikaribia kufungwa. Sasa nifanyeje? Nikutenge na wewe, mkae wote wawili kwenye gogo?"

Ndani mtu alikohoa. Baba mkubwa ana miaka sabini na moja. Sikuwahi kumwona akitafuta maneno.  Mwishowe akasema, bila kumtazama Abdiel, "Mwalimu Anande alikuwa na tabia ya kugawa vitu. Nilimjua. Inawezekana alimpa."

"Inawezekana?"

"Alimpa. Mimi ndiye niliyelipeleka barazani, na mimi nitaliondoa barazani. Andika hivyo, Mchungaji."

"Nitaandika. Na ninyi ingieni, watu wana njaa."

Nilikuwa namwangalia Abdiel. Miaka miwili na miezi minne alikuwa amepanga maneno ya siku hiyo, mengine nilishayasikia jikoni kwangu, na yalikuwa matamu, yenye makali pande zote. Alikuwa na haki ya kuyasema yote. Akafuta mikono kwenye shati, akasimama kwa kujikongoja, akasema, "Baba mkubwa, nipe mkono. Miguu haitaki."

Baba mkubwa akampa mkono.

Waliingia wakiwa wameshikana hivyo, tope hadi magotini, na watu wa mtaa wa juu wakasogea kuwapisha. Toba tuliisema wote pamoja, kila mtu maneno yaleyale. Kisha wakaenda mbele na kupiga magoti kwenye ubao, mzee na fundi, na Mchungaji akampa kaka yangu mkate, halafu kikombe. Malengelenge yalikuwa yameshatokea viganjani, kwa hiyo kikombe alikishika kwa ncha za vidole. Alikunywa taratibu. Alikaa amepiga magoti muda mrefu kuliko ibada inavyotaka, na mwanzo nilidhani ni miguu. Baba mkubwa akabaki naye, hakusimama kabla yake.

Aliishi miezi minne zaidi, akashiriki Meza ya Bwana mara tatu.